Mashine ya kufulia iliyokuwa ikikata umeme kila dakika ya 10

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa dada mmoja wa Tanga ambaye mashine yake ya kufulia hukata umeme wa nyumba nzima, na ambaye fundi amekwisha kumwambia kwamba bodi, yaani kile kibao cha saketi kinachoiongoza mashine, imeungua. Niliusoma mara mbili, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka jana hapa Kigamboni, nikayaamini, nikalipa shilingi 280,000 za bodi mpya, na kesho yake umeme ukakatika vilevile.

Fundi yule hakuwa amepima chochote. Aliitazama bodi, akainusa, akatoa hukumu. Nilipomwita tena alikuja na ushauri ambao hadi leo unanitia uchungu: tukate waya wa ethi, ule unaoupeleka ardhini umeme unaovuja, ndani ya plagi. Ni kweli umeme usingekatika. Lakini ile swichi ya kwenye boksi la umeme, inayolinda watu dhidi ya umeme unaovuja, hulinganisha umeme unaokwenda na ule unaorudi, na ikiona tofauti ya miliampea 30 hivi hukata papo hapo. Ukiondoa ethi, umeme unaovuja hukosa njia, ukabaki kwenye bati la mashine, na swichi haitaona tofauti yoyote mpaka umeme huo upite mwilini mwa mtu. Nyumbani kwangu mtu huyo angekuwa binti yangu wa miaka 14, ambaye ndiye hufua sare za wadogo zake. Nilimwomba fundi aondoke.

Tulifua kwa mikono majuma mawili. Ndipo nikafanya jambo lililopaswa kufanywa siku ya kwanza: niliiwasha mashine, nikaketi mbele yake na saa. Ilijaza maji vizuri, ikazungusha ngoma vizuri, na dakika ya 10 ikakata. Nikachagua maji baridi, ikafua na kukamua hadi mwisho. Nikairudisha kwenye nyuzi 60, ikakata tena. Basi mota ilikuwa nzima, pampu nzima, na bodi yangu ya zamani, ambayo fundi aliondoka nayo, sina shaka ilikuwa nzima pia. Kifaa kinachoingia kazini pale tu maji yanapotakiwa kupata moto ni kimoja, nacho ni hita.

Nilichomoa plagi, maana kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi, nikafungua mfuniko wa nyuma, nikazitoa waya zote mbili za hita na kupima kwa mita ndogo ya fundi umeme. Kati ya ncha zake mbili mita ilisoma ukinzani wa omu 27, kipimo kinachofaa kwa hita ya wati 2,000 katika umeme wa volti 230. Hapo ndipo wengi huishia, wakasema hita ni nzima. Mimi niligusisha mita kwenye ncha moja ya hita na kwenye skrubu ya ethi, mahali ambapo haipaswi kuonekana njia yoyote ya umeme, nayo ikasoma omu 5,000 hivi. Kwa volti 230, hizo ni miliampea zaidi ya 40 zinazovuja.

Hita ilitoka ikiwa imevikwa ukoko mweupe mnene, kwa kuwa tunatumia maji ya kisima yenye chumvi, na chini ya ukoko ganda la chuma lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Hita mpya ilinigharimu shilingi 45,000. Niliifunga mwenyewe, na fahari niliyoipata siku ile, nguo zikizunguka kwenye maji ya moto na taa zikiwaka nyumba nzima, sioni sababu ya kuificha.

Kwa hiyo ninyi ambao, kama mimi, mnataka kuvijua vitu vya nyumbani mwenu, itazameni mashine inakata katika hatua gani, kisha pimeni. Mkimwita fundi, apime mbele ya macho yenu kabla hamjatoa fedha. Mita ndogo huweza isiuone uvujaji unaojitokeza hita ikiwa ya moto tu, hivyo aliye na mita ya kupima insulesheni, yaani kinga inayozuia umeme usivuje, kwa volti 500 ndiye wa kutafutwa. Na fundi anayependekeza kukata ethi hastahili kuingia tena katika nyumba yenye watoto.

Jana dada wa Tanga amenijibu kwamba mashine yake hukata mara tu plagi inapochomekwa, hata kabla ya kuiwasha. Hapo hita si ya kwanza kushukiwa. Ningeanza na waya wa plagi wenyewe, ambao panya huutafuna, kisha kile kiboksi cha kuchuja umeme ambacho waya huo huingilia kabla ya kufika kwenye bodi. Nimemsihi aiache mashine bila kuchomekwa mpaka apatikane mtu mwenye mita, na bodi asiinunue.