Prosesa Ikisema Ndiyo, Muulize na Mwenye Nyumba

Jana usiku kijana mmoja wa Nachingwea kaniandikia: "Shikamoo kaka. Programu yangu kwangu inapaa, kwa mteja inafunguka na kufa hapohapo." Nilikaa kimya kwanza. Hayo yalinikuta Tandahimba, mbele ya watu.

Nilikuwa nimeandika programu ya kuchambua picha za korosho ghafi, nzima huku, mbovu kule. Ili iende kasi nikatumia AVX, maelekezo ya prosesa yanayokokotoa namba nane kwa mkupuo mmoja. Na sikukurupuka. Niliiuliza prosesa kwanza kwa CPUID, elekezo la kuiuliza inaweza nini, nikasoma biti ya 28 ya jibu lake kwenye ECX, biti ya AVX. Ikajibu ninayo.

Kompyuta ya chama cha msingi ilikuwa na prosesa nzuri, ila Windows 7 ya mwanzo, isiyo na Service Pack 1, lile sasisho kubwa. Nikabofya, ikajifunga. Mara tatu. Mzee mmoja akasema, "Kijana, mizani yetu haijawahi kutuaibisha hivi." Nilirudi Mtwara mjini kwenye Coaster, kofia imeshushwa hadi machoni. Neno lile linanichoma mpaka leo.

Prosesa haikudanganya. Rejista za AVX, vijisanduku vya namba ndani ya prosesa, zina biti 256, na mfumo endeshi, kama Windows, unapobadilisha programu moja kwa nyingine, lazima uzihifadhi kisha uzirudishe. Mfumo usiozijua ungezivuruga, ndiyo maana prosesa hukataa maelekezo hayo mpaka mfumo wenyewe uyaruhusu. Linux ilianza kuyaruhusu kwenye toleo la 2.6.30, 2009, Windows 7 ikasubiri Service Pack 1, 2011.

Kwa hiyo mdogo wangu, anza na biti ya 27 ya ECX ileile, OSXSAVE, inayoonyesha kama mfumo umewasha utaratibu wa kuhifadhi rejista. Ikiwa sifuri, usiiguse XGETBV, elekezo la kusoma mfumo umeruhusu nini, maana nayo itakuangusha vilevile. Ikiwa moja, soma kwa XGETBV rejista ya XCR0, penye ruhusa hizo, uhakikishe biti ya 1 na ya 2 zote zimewashwa. Vinginevyo ipitishe programu njia ya SSE2, maelekezo ya zamani kuliko AVX, iende polepole lakini ifike.

Na nyote mnaoandika programu huku kusini, acheni kujaribia kazi kwenye laptop zenu tu! Mashine za vyama vyetu ni hizohizo zilizopo. Mkulima anayesubiri mnada asilipie uvivu wetu wa kutouliza. Ulizeni prosesa, ulizeni na mfumo.

Msimu uliofuata nilirudi Tandahimba, kompyuta ileile, Windows ileile. Picha zilikwenda taratibu, zikaisha zote. Yule mzee akavuta kiti akakaa karibu yangu.

Mdogo wangu, kabla hujabadilisha chochote, niambie biti ya 27 kwa mteja wako inasemaje.