Reli za milimita 9: usikimbilie msasa

Treni ndogo ya mfano ya kipimo cha N ikitoka kwenye boksi hukimbia vizuri. Baada ya muda huanza kusitasita. Taa zake zinapepesa, inasimama pale reli zinapogawanyika, unaisukuma kwa kidole, inaondoka, inasimama tena mbele. Hapo ndipo mgeni wa fani hii anachukua kipande cha msasa na kusugua reli mpaka zing'ae. Nakuomba sana usifanye hivyo. Nimeona watu wakifunga treni zao kwenye makasha na kuachana nazo kabisa kwa sababu ya tatizo hili, ilhali tiba yake ni rahisi ukishajua uchafu unatoka wapi.

Kwanza ufahamu udogo wa kitu ulicho nacho. Kipimo cha N ni 1:160 (treni halisi imepunguzwa mara 160) Ujerumani na Marekani, 1:148 Uingereza, na 1:150 kwa treni nyingi za Japani, lakini zote hupita kwenye reli mbili zilizoachana kwa milimita 9. Unywele wa milimita 0.07 ukiuzidisha mara 160 unapata fimbo ya milimita 11 imelala juu ya reli. Kichwa cha treni chenyewe ni chepesi, vingi havifiki hata gramu 100, kwa hiyo hakina uzito wa kuukandamiza uchafu na kuupita. Na umeme wote, takriban volti 12, unapanda kutoka reli moja kupitia magurudumu, unaingia kwenye mota, unarudi kwa magurudumu ya upande wa pili. Gurudumu linagusa reli mahali padogo kuliko ncha ya penseli. Pakizibwa, treni imekufa.

Vumbi lina sehemu yake, hasa kama chumba kina zulia, maana nyuzi zake hujisokota kwenye ekseli. Mafuta unayotia kwenye gia yakizidi huteremka kwenye magurudumu, nayo huyasambaza njia nzima. Vichwa vingi vina mipira myembamba kwenye gurudumu moja au mawili ili visiteleze mlimani, na mipira hiyo inapolika huacha mabaki yake juu ya reli. Ila ule utando mweusi unaouona kwenye kidole ukipitisha juu ya reli huchangiwa sana na umeme wenyewe. Kila gurudumu linapopoteza mguso kwa nukta ndogo ya wakati, cheche ndogo sana huruka kati yake na reli. Cheche hiyo huunguza metali na chochote kilichopo hapo, na masizi yanabaki. Masizi yakizidi mguso unakuwa mbaya, na mguso ukiwa mbaya cheche zinaongezeka.

Sasa utaona kwa nini msasa ni adui. Reli iliyosuguliwa inang'aa machoni, lakini juu yake kuna mikwaruzo mingi. Mikwaruzo hiyo hupokea masizi na kuyashika, tena hupunguza eneo ambalo gurudumu linagusa. Wiki ya kwanza utafurahi, kisha utalazimika kusugua tena, na tena. Zile raba maalumu za kusafishia reli zinazouzwa madukani nyingi zina chembechembe za kukwaruza ndani yake. Mimi huziweka kwa kazi moja tu, kuondoa gundi iliyoganda baada ya kubandika kokoto za mfano kati ya reli. Waya wa kusugulia masufuria usiuingize kabisa chumba cha treni. Vipande vyake vidogo huvutwa na sumaku ya mota, na mota ikishavinyonya imeharibika.

Kwa hiyo anza na magurudumu. Hili ndilo wanaoanza hulisahau kuliko yote: wanasafisha reli asubuhi, jioni magurudumu machafu yameshaipaka tena. Chukua karatasi laini ya jikoni, ilowanishe kidogo kwa kisafishio, ilaze juu ya reli. Weka kichwa cha treni hivi: magurudumu ya mbele yakae juu ya karatasi, ya nyuma yakae kwenye reli tupu yapokee umeme. Kishike, washa umeme kidogo, magurudumu yazunguke juu ya karatasi. Utaona mistari miwili myeusi. Sogeza karatasi, rudia mpaka mistari ipotee, kisha geuza upande wa pili. Mabehewa yasukume tu kwa mkono juu ya karatasi. Yakiwa na magurudumu ya plastiki, ukipata nafasi yabadilishe uweke ya metali, kwa sababu ya plastiki hukusanya uchafu haraka mno.

Kuhusu kisafishio watu hubishana sana. Spiriti ya isopropili inapatikana famasia nyingi, inakauka upesi, na inaondoa alama za vidole na mafuta vizuri. Mafuta ya taa yaliyo safi na baadhi ya vimiminika vya kusafishia viungo vya umeme hukauka polepole zaidi. Wanaovipendelea hutazama uwezo wa kimiminika kuhifadhi chaji: mafuta ya taa yako karibu na 2, isopropili karibu na 18, maji karibu na 80, na hoja yao ni kwamba namba ikiwa ndogo reli hukaa safi muda mrefu zaidi. Mimi nimeridhika na njia ya kuchanganya. Isopropili kwanza kuondoa uchafu mzito, kisha mafuta ya taa kidogo mno kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, halafu kitambaa kikavu. Isipokuwa kwa ile karatasi ya magurudumu iliyolowana kidogo tu, zima umeme, fungua madirisha, na usiwashe treni mpaka kila kitu kimekauka, maana vyote viwili vinashika moto. Asetoni iache kabisa. Inayeyusha mataruma ya plastiki.

Baada ya hapo chukua penseli laini ya 4B na uchore mstari mwembamba juu ya ukingo wa ndani wa kila reli. Grafiti inapitisha umeme na inasaidia kuzuia cheche. Usizidishe, na kwenye milima ruka, la sivyo magurudumu yatateleza.

Treni ikisimama mahali palepale kila mara, acha kusafisha. Hapo shida si uchafu. Kagua kiungo cha reli: mara nyingi kile kibati kinachoziunganisha kimelegea, na dawa yake ni kulehemu waya mwembamba kwenye kila kipande cha reli badala ya kutegemea vibati. Kagua pia pale reli zinapogawanyika. Aina nyingine za makutano zina kipande cha plastiki kisicho na umeme katikati, na kichwa kifupi chenye magurudumu machache hukwama juu yake hata kama reli ni safi kabisa.

Reli nyingi za leo ni za aloi ya shaba, zinki na nikeli, ambayo haishiki kutu. Seti za bei ya chini zinaweza kuwa na reli za chuma. Kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Maskati, penye hewa ya chumvi, chuma kitakusumbua mwaka mzima. Kagua kwa sumaku kabla ya kulipa. Na usiku funika njia yako kwa kanga ya zamani iliyofuliwa mara nyingi, si kitambaa kipya, kwa sababu kipya bado kinatoa nyuzi.