Kazi ya Guangzhou: viza ya biashara haigeuzwi huko kuwa ya kazi

SWALI: Assalamu aleikum. Nina digrii ya usimamizi wa ugavi, na baada ya kuhitimu nimefanya kazi miaka mitatu katika kampuni ya kliaringi na fowadingi hapa Mombasa. Kampuni ya mizigo ya Guangzhou imeniahidi kazi ya yuan 12,000 kwa mwezi. Ajenti aliyetuunganisha anataka shilingi 280,000, na nimeshampa 60,000. Asema nisafiri kwa viza ya biashara kwa sababu viza ya kazi inachelewa, kisha kampuni itanibadilishia nikifika. Nitafute nyumba mtaa gani, na nibebe pesa ngapi za kuanzia? — Msomaji, Likoni

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Nyumba na pesa tutazifikia. Kwanza hiyo habari ya "kubadilishiwa ukifika", ambayo umeitaja kama jambo dogo la njiani. Hiyo ndiyo iliyobeba safari yako yote, na si kweli.

Viza ya herufi M ni ya mtu anayekwenda kununua mali, kukagua kiwanda au kuhudhuria maonyesho ya biashara ya Canton, kisha anarudi kwao. Ya kazi ni Z. Wewe ni mtu wa kliaringi, kwa hiyo utanielewa upesi: mzigo wa transiti ulioandikwa Kampala hauwi halali kwa sababu umeshushwa Kongowea na mnunuzi yupo. Vivyo hivyo aliyeingia kwa M. Hata akipata mwajiri siku ya pili, bado ameingia kwa shughuli nyingine.

Uongo huu una chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana haufi. China hugawa wafanyakazi wa kigeni katika makundi ya A, B na C. Wa kundi A, yaani mabingwa na wakubwa wa makampuni, wanaweza kuombewa kibali wakiwa tayari nchini kwa viza nyingine. Pia aliye na kibali cha ukaaji cha kazi akihama mwajiri, na baadhi ya wenza wa watu wanaoishi kule kihalali. Ajenti huchukua habari ya hao na kumuuzia kijana wa Likoni ambaye hayumo katika orodha hata moja.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba wewe hukuhitaji njia ya mkato kamwe. Kundi B hutaka digrii ya kwanza na miaka miwili ya kazi inayohusiana na fani, na wewe una mitatu. Sasa jiulize kwa nini mtu anayestahili Z anasukumwa kwenye M. Maombi ya Z huanzishwa na mwajiri mwenyewe, kwenye mfumo wa serikali ya China, kwa jina la kampuni iliyosajiliwa. Ajenti wa huku hana pa kuingiza mkono. M inahitaji barua ya mwaliko, na barua ya mwaliko hununuliwa. Basi ama kampuni hiyo haina sifa za kuajiri mgeni, ama haitaki gharama yake, ama haipo.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Kampuni ikutumie leseni yake ya biashara. Juu yake pana namba ya usajili yenye tarakimu na herufi 18, ambayo hukaguliwa kwenye sajili ya serikali ya makampuni, gsxt.gov.cn. Mkataba wa kazi uwe na muhuri mwekundu wa duara wenye jina lilelile la kwenye leseni. Sahihi ya bosi bila muhuri huo ina uzito mdogo sana kule. Kisha wewe unaandaa cheti cha digrii, barua ya mwajiri wako wa sasa inayotaja cheo na tarehe za kuanza na kumaliza, na hati ya mwenendo mwema ya DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai ya Kenya. Hii ya mwisho unaiomba kwenye eCitizen, unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu ya C24 mbele na nyuma kwenye karatasi moja, halafu unakwenda Huduma Centre kuchukuliwa alama za vidole. Usiichukue mapema mno, kwa kuwa Wachina huitaka iwe haijapita miezi sita tangu itolewe.

Digrii na hati ya mwenendo mwema lazima zithibitishwe, na hapa ndipo wengi hupoteza mwezi mzima. Wamesoma mahali kwamba Mkataba wa Apostile, wa nchi zinazokubali hati za wenzao kwa muhuri mmoja, ulianza kutumika China tarehe 7 Novemba 2023 na sasa muhuri huo watosha. Watosha kwa Mwafrika Kusini au Mwingereza, ambao nchi zao zimo katika mkataba huo. Hati ya Kenya bado yapita njia ndefu: wakili mthibitishaji, Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, kisha ubalozi wa China.

Kampuni ikishapeleka nakala za hati hizo na kukubaliwa, hupewa Barua ya Taarifa ya Kibali cha Kazi. Barua hiyo ina namba na jina la mwajiri, na ndiyo unayokwenda nayo kuombea Z, ukiwa Kenya. Kama ajenti hajakuonyesha karatasi hiyo, hakuna kazi ya kuzungumzia. Akikuonyesha kadi ya plastiki ya mtu mwingine kama mfano wa "kibali utakachopata", jua amepitwa na wakati: tangu 1 Desemba 2024 waombaji wapya hawapewi tena kadi hiyo, na taarifa za kibali huwekwa kwenye kadi ya hifadhi ya jamii.

Ukipata Z utakuta muda wa kukaa umeandikwa 000. Usishtuke. Maana yake muda wako utawekwa na kibali cha ukaaji, ambacho lazima ukiombe ndani ya siku 30 tangu kuingia. Siku hizo huisha upesi. Ndani ya saa 24 za kwanza ujiandikishe kituo cha polisi cha mtaa unaolala (ukiwa hotelini, hoteli hukuandikisha). Baadaye upimwe afya kwenye kituo maalumu, kampuni ikamilishe kibali cha kazi, ndipo uende polisi wa uhamiaji, ambao huweza kukaa na pasipoti hadi siku 15 na kukupa stakabadhi. Ukihama nyumba, unajiandikisha upya. Faini ya kutojiandikisha yafika yuan 2,000.

Faini hiyo ni ndogo ukilinganisha na ya kufanya kazi bila kibali. Mfanyakazi hutozwa yuan 5,000 hadi 20,000, na hiyo ya juu ni zaidi ya shilingi laki tatu na nusu. Kosa likiwa zito huongezewa kizuizi cha siku 5 hadi 15, na anaweza kurudishwa kwao. Muda wa viza ukipita, ni yuan 500 kwa siku mpaka 10,000. Mwajiri naye hutozwa 10,000 kwa kila mtu, na kwa hofu hiyo wengine hukana kwamba wanakujua. Mshahara wa miezi mitatu ukizuiwa, utashtaki wapi bila kujitaja kwamba ulikuwa ukifanya kazi kinyume cha sheria?

Na kabla ajenti hajakuambia habari ya "kutoka kwenda Hong Kong na kurudi": mpaka wa Hong Kong ni mpaka kamili. Ukivuka na M ya kuingia mara moja, viza yako imekwisha hapo hapo, na huna ya kurudia.

Sasa nyumba. Waafrika wengi huanzia Xiaobei, wilaya ya Yuexiu. Chakula cha halali kipo, na msikiti wa Huaisheng uko wilaya hiyohiyo. Guangzhou mara nyingi huombwa amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja mbele, na dalali huchukua nusu ya kodi ya mwezi hadi mwezi mzima. Chumba cha yuan 3,000 chataka basi 10,500 hadi 12,000 siku ya kwanza, kabla ya sufuria na godoro. Ongeza matumizi ya mwezi mmoja na nusu, kwa kuwa mshahara wa kwanza hautakungoja uwanja wa ndege. Usikodi kwa mtu asiyekupa mkataba na nakala ya hati ya nyumba, maana polisi wataziuliza. Tena ile 12,000 si ya mkononi: pensheni pekee ni asilimia 8, kisha kodi ya mapato juu ya kinachozidi 5,000 kwa mwezi. WhatsApp na Google zimefungwa, kwa hiyo fungua WeChat ya mawasiliano na Alipay ya malipo ukiwa bado Mombasa, na laini yako ya Kenya iache hai kwa namba za siri za benki.

Kuhusu zile 60,000, usiongeze hata senti. Angalia kama ofisi yake imo kwenye orodha ya mawakala walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kama haimo, peleka stakabadhi na jumbe zake kwa DCI. Wengi huona haya kushtaki, na haya hiyo ndiyo mtaji wa mwizi.

Mchezo huu hauko Guangzhou tu. Mwingine huambiwa aingie China kwa viza ya mwanafunzi afundishe Kiingereza, ilhali kwa nafasi nyingi za ualimu huo Kenya haihesabiwi kati ya nchi za wazawa wa Kiingereza. Mchezo wa Bangkok, Thailand, ni hatari zaidi. Mtu huahidiwa kazi ya huduma kwa wateja, tiketi hulipiwa, na gari humchukua uwanja wa ndege na kuendesha karibu kilomita 500 hadi Mae Sot, mpakani. Ng'ambo ya mto ni Myawaddy, Myanmar, kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni ambako Wakenya wamewahi kuokolewa. Hao nao walianza kwa kuambiwa karatasi zitashughulikiwa wakifika. Kwa hiyo mji wowote utakaotajiwa, uliza kabla ya nauli: mwajiri aliyeandikwa kwenye maombi ni nani, viza ni ya aina gani, na namba ya maombi ni ipi. Akijibu kwamba utaelezwa ukifika, usimtumie hata picha ya pasipoti.