Nina laki sita, nichukue risiva ya wati ngapi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Home theater yangu ya DVD imekufa mashine, ila spika zake tano na sabufa bado nzima kabisa. Nina laki sita nataka risiva tupu ya surround (amplifaya yenyewe bila spika) niunge na spika hizo hizo. Ile ya zamani ilikuwa wati 1000 na fundi wa hapa mtaani kaniambia nikichukua chini ya hapo muziki utapwaya. Nimeona Yamaha ya mtumba imeandikwa wati 70 kwa chaneli. Sebule ni mita 4 kwa 5. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Salama kaka. Hiyo Yamaha kama ni nzima inakutosha na chenji, shida yako ni hizo spika na nitafika huko, ila kwanza tumalizane na hili la wati maana wiki haipiti bila mtu kuniuliza, na kila nikichimba nakuta nyuma yake kuna fundi.

Geuza hiyo mashine iliyokufa usome ile stika ya nyuma karibu na waya wa umeme. Nyingi za aina hiyo utakuta zinakula wati mia na kitu, haifiki hata 200. Sasa kitu kinavuta wati 150 ukutani kinatoaje wati 1000 kwenye spika, hizo nyingine zinatoka kwa mganga? Sawa, kapasita, vile vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme, zinaweza kutema zaidi kwa kitambo kidogo sana mdundo ukigonga, lakini siyo filamu nzima. Wanachofanya watengenezaji ni kupima chaneli moja peke yake, kwa mlio mmoja tu wa hertz 1000, wanaisukuma mpaka sauti inapasuka kwa asilimia 10, halafu wanazidisha mara sita wanaandika kwenye boksi kwa maandishi makubwa. Na PMPO, zile wati za maelfu zinazoandikwa kwenye maredio, ndo usiniambie kabisa, ile haina hata kipimo kinachoeleweka, kila kiwanda kinajiandikia namba inayompendeza.

Hata kampuni za maana unatakiwa usome maandishi madogo. Sony STR-DH590 kwa mfano inatangazwa wati 145 kwa chaneli, ukisoma chini ni chaneli moja ikipimwa. Chaneli mbili zikipimwa kwa sauti zote kuanzia hertz 20 mpaka 20,000 ni 90. Siyo mbaya, ni risiva nzuri tu, ila ujue namba ipi unalinganisha na ipi.

Halafu sikio lenyewe haliendi hivyo. Spika ya kawaida ukiipa wati 1 ukakaa mita moja inatoa kama desibeli 88 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), ukikaa mita tatu inabaki kama 79. Wati 10 inarudi 89, hapo jirani ameshaanza kugonga ukuta. Wati 70 ni kama 97. Ukitoka 70 ukaenda 140 unaongeza desibeli 3 tu, yaani umelipa hela nyingi kwa kitu utakachokisikia kwa mbali.

Sasa spika zako. Angalia nyuma yake, nina uhakika mkubwa utakuta omu 3 au 4 (omu ni kipimo cha spika inavyozuia umeme, ikiwa ndogo umeme mwingi unapita), na risiva nyingi za bei yako zinataka kuanzia 6. Ukiiwekea omu 3 inavuta umeme mara mbili, inachemka, inajizima. Na hiyo sabufa haitalia kabisa, kwa sababu tundu la sabufa kwenye risiva linatoa mawimbi tu yasiyo na nguvu ya kusukuma spika, linataka sabufa yenye amplifaya yake ndani. Kwa hiyo igawe laki sita: risiva ya mtumba, na inayobaki spika mbili nzuri za omu 6 au 8 za mbele. Kwenye menyu weka sabufa hakuna, spika ya kati hakuna, za nyuma hakuna, unaangalia muvi vizuri tu mpaka upate hela ya nyingine. HDMI yenye ARC (tundu linalorudisha sauti ya TV kwenye risiva) ikikosekana usilie, waya wa optiko unabeba Dolby Digital 5.1 bila shida, ila ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, ukikuta imewekwa PCM iondoe uweke Dolby Digital au Bitstream, maana PCM kwa waya huo inapitisha chaneli mbili tu.

Na mtumba kaka, stika ya nyuma tena. Iliyotoka Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, ukichomeka kwenye 230 yetu imekwenda. Ya Uingereza au bara la Ulaya haina neno. Muuzaji akikwambia "fundi wetu anaibadilisha" muulize anabadilisha nini, maana nyingi hazina sehemu ya kubadilishia, unahitaji transfoma ya kushusha yenye nguvu kuzidi ya risiva.

Mafundi wa njia za mkato ndo wanaonimaliza. Mwaka jana nililetewa risiva nzuri tu, ilikuwa inajizima kwa sababu mtu kaunganisha spika nne kwenye matundu ya mbili. Fundi wa kwanza badala ya kuangalia spika akakata njia ya ulinzi ili isijizime tena. Kweli haikujizima. Transista za kutoa sauti zikapiga shoti, umeme ukaenda moja kwa moja kwenye spika, koili mbili zikawa mkaa, na gharama ya kuitengeneza ikazidi hela aliyonunulia.