Unanunua ruta? Ulizia koleti kwanza

Watu wanaotaka ruta, ile mashine ya kuchonga mbao, ya kazi za nyumbani huniuliza wati. Kwa rafu, fremu na milango ya kabati, wati 1,000 na kitu zinatosha kabisa, na trima ya wati 600 hivi, ile ruta ndogo ya kushika kwa mkono mmoja, itakumalizia kazi nyingi tu. Mimi huuliza kingine: koleti yake ni saizi gani?

Koleti ndiyo inayobana mkia wa biti, kile kisu kinachozunguka na kuchonga. Hapa Moshi nimekuta biti za robo inchi na za milimita 6 zimechanganywa kwenye boksi moja, nyingine hazina hata maandishi. Robo inchi ni milimita 6.35, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ya robo inchi ikigoma kuingia kwenye koleti ya 6, hujapoteza kitu. Balaa ni mkia wa 6 kwenye koleti ya robo inchi. Unakaza nati, unaona imekaa, kumbe biti inateleza. Inashuka kidogo kidogo huku unachonga, na mfereji uliotaka uwe na kina cha milimita 5 unafika 8. Ikichomoka kwenye mizunguko 25,000 kwa dakika, omba tu isije upande wako. Kwa hiyo zunguka madukani kwanza, ujue ni biti zipi hazikosekani, ndipo utafute ruta inayozimudu. Nenda na kalipa ya kupimia unene wa mkia, hata ya plastiki. Muuzaji akinuna, anune.

Mfuko ukiruhusu, chukua yenye koleti ya nusu inchi inayokuja na busha ya robo inchi, yaani kibomba cha kupunguzia koleti. Mkia mnene hautetemeki, na mkato unatoka safi.

Hakikisha pia ina swichi ya kupunguza spidi. Biti pana ya kuchonga paneli za mlango, yenye kipenyo cha milimita 50 kwenda juu, iendeshe kwenye mizunguko 12,000 hadi 16,000 kwa dakika. Ukiiachia spidi yote ni hatari, na mbao inaungua. Alama nyeusi kwenye mninga utaipiga msasa mpaka mkono ufe ganzi. (Na vumbi la mninga linawasha pua na kifua, vaa barakoa.) Kwa mbao yoyote, hata saiprasi laini, shusha biti milimita 3 kila mpito. Usitake kumaliza kina chote kwa mara moja.

Mashine za mtumba zipo nzuri, ila ukiona plagi ya njano ya duara, simama. Hizo hutumika kwenye sehemu za ujenzi Uingereza na ni za volti 110. Umeme wetu ni 230. Utaambiwa "badilisha plagi tu, bosi." Usithubutu; bila transfoma utaiunguza. Kama plagi ni sawa, zungusha shafti kwa mkono kabla haijachomekwa, usikilize beringi kama zinakwaruza. Kisha, kama ni ile inayoshuka kwa springi, ikandamize kwa mikono miwili: inatakiwa ishuke wima bila kuyumba upande.

Seti za biti za bei chee sizipendi, nyingi hutazigusa kamwe. Nunua tatu zenye ncha za kabaidi, ile madini ngumu: ya mfereji ya milimita 12, ya kuviringisha kona, na ya kusawazisha ukingo kwa kufuata kiolezo. Hizo mbili za mwisho ziwe na beringi.