Siku Ruta ya Akiba Ilipotulia Tuli Kilindini

Juzi kijana mmoja wa Kisauni ameniandikia: "Kaka, nimefunga ruta mbili kwa VRRP. Nikizima ya kwanza, ya pili inashika. Nimemaliza?" Hujamaliza, mdogo wangu. VRRP ni utaratibu wa ruta moja, yaani kifaa kinachoiunganisha ofisi na intaneti, kushika kazi ya nyingine ikizimika. Hata mimi nilidhani nimemaliza.

Ilikuwa ofisi ya mawakala wa forodha, karibu na Kilindini. Ruta mbili, anwani moja ya pamoja ambayo kompyuta zote ziliijua kuwa ndiyo lango la kwenda intaneti. Ruta kuu niliipa kipaumbele 110 (mwenye namba kubwa ndiye hushika lango), ya akiba nikaiachia 100 yake ya kawaida. Kuu hutangaza kila sekunde kwamba ipo. Akiba isipoisikia kwa sekunde tatu na ushei, hulitwaa lango. Siku ya kukabidhi kazi nilichomoa umeme wa ruta kuu mbele ya tajiri, na hakuna karani aliyeinua uso. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Wiki chache baadaye wachimba mtaro wakakata faiba, waya wa intaneti wa ruta kuu. Nilikimbia na bodaboda, nikakuta makarani mikono mapajani na madereva wa malori wamejaa mlangoni. Ruta kuu ilikuwa hai, taa zinapepesa kijani, inatangaza "nipo, nipo" kupitia swichi ya ndani, kifaa kinachounganisha mitambo ya ofisini. Akiba ikasikia, ikatulia. Na laini yake ilikuwa nzima kabisa! Tajiri akaniambia mbele ya watu wote, "Kumbe uliniuzia pambo." Neno lile linaniuma mpaka leo.

Sasa sikilizeni. Iamuru ruta kuu ifuatilie laini ya nje, ikikatika kipaumbele kishuke, tena kishuke cha kutosha. Ukipunguza 5, 110 inakuwa 105, bado iko juu ya 100, na hakuna kitakachohama. Mimi hupunguza 20. Usitegemee taa ya waya pekee: faiba hukatikia mbali huku kisanduku cha ofisini kikiwaka vizuri, basi ruta ipingi anwani ya nje, yaani iitumie ujumbe mfupi na kungoja jibu. Kwenye HSRP, utaratibu wa Cisco unaofanana na VRRP, ruhusa ya akiba kumpokonya mkubwa wake lazima uiwashe mwenyewe. Kwenye VRRP huja imewashwa.

Ndugu zangu, tusiwe mafundi wa maonyesho. Mteja analipia kitu asichokiona, anatuamini. Nenda ukatazame laini mbili zinapoingilia jengo. Zikipita mtaro mmoja, jembe moja linazimaliza zote.

Nawe kijana, leo jioni makarani wakishaondoka, acha ruta kuu iwake, chomoa faiba peke yake, pingi ikiendelea. Kisha niandikie umeona nini.