Gari inamisi ikipata moto, alafu inazima: usikimbilie kununua kontrol boksi

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi niko Morogoro, natumia Corolla AE100 ya 1993 yenye injini ya 5A, aliniachia mzee wangu. Asubuhi inawaka vizuri na inatembea bila shida ila ikishapata moto inaanza kumisi (silinda inakosa kuchoma), hasa nikipanda mlima au nikiwa nimepakia watu, inatetemeka na haivuti. Siku za jua kali inazima kabisa barabarani, nikikaa pembeni kama nusu saa inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Nimeshabadilisha plagi, nimeweka pampu mpya ya mafuta, nozeli zimeoshwa. Taa ya cheki injini kuna siku inawaka kuna siku haiwaki. Fundi alileta mashine ya kupima ikakosa pa kuchomeka, sasa anasema ni kontrol boksi (kompyuta ya injini) na anataka nimpe hela akaitafute Kariakoo. Nifanyeje?

JIBU: Hela ishike kwanza, usimpe mtu. Kontrol boksi inaweza kufa, sikatai, ila hicho ni kitu cha mwisho kununua, baada ya vingine vyote kupimwa, na kwa ulivyoeleza naona hakuna kilichopimwa hata kimoja, vimebadilishwa tu. Inaniuma sana kuona mtu anamaliza hela ya ada ya watoto kwenye spea wakati gari lenyewe linasema shida iko wapi. Angalia ulivyoandika mwenyewe: inamisi ikipata moto, inamisi ikibebeshwa mzigo, inazima alafu ikipoa inawaka. Dalili hizo tatu zikikaa pamoja kitu cha kwanza kushika ni upande wa moto wa plagi, yaani koili (inayokuza umeme), igniter (swichi ya elektroniki inayoiendesha koili), distributa (inayogawa moto kwa kila plagi) na waya, kabla hujagusa mafuta.

Kwa nini mlimani? Ukikanyaga mafuta injini inavuta hewa nyingi zaidi, kwa hiyo mgandamizo ndani ya silinda unakuwa mkubwa, na cheche ili iruke kwenye plagi katika mgandamizo huo inahitaji voteji kubwa zaidi. Waya ukiwa umechoka au kapu (mfuniko) ya distributa ina ufa, moto hauendi kwenye plagi tena, unatafuta njia nyepesi unarukia kwenye bodi ya injini. Ukiwa umesimama na injini inaunguruma chini bila kukanyaga mafuta hutaona kitu, gari limetulia, ndo maana fundi anapiga resi pale gereji anakwambia mbona zima hili.

Anza na hiki ambacho hakina gharama. Usiku, sehemu yenye giza, fungua boneti injini ikiwa inaunguruma na imeshapata moto, mwenzako ashike breki aikanyagie mafuta kidogo, wewe angalia tu bila kugusa. Ukiona cheche za bluu zinarukaruka kwenye waya au pembeni ya distributa basi umeshampata mwizi. Usipoona kitu zima gari, fungua kapu ya distributa uigeuze, ipeleke kwenye mwanga na uitazame taratibu. Unatafuta kamstari keusi kembamba sana kanakotoka kwenye ncha moja ya shaba kwenda nyingine, kanaonekana kama kamechorwa kwa penseli. Wengi wanakafuta kwa kitambaa wakidhani ni uchafu. Sio uchafu, ni njia ambayo moto umeshajichimbia kwenye plastiki na ukikafuta kanarudi, hiyo kapu ni ya kubadilisha pamoja na rota yake (kile kidole kinachozunguka ndani). Na ukikuta ndani kuna oili, jua mpira wa oringi pale distributa inapoingia kwenye injini au sili ya shafti yake imechoka, maana kubadilisha kapu peke yake hakutazuia oili kurudi.

Alafu chomoa vichwa vya waya kwenye plagi, injini ikiwa imezimwa. Kwenye 5A plagi zimekaa katikati ya kava ya valvu kwenye matundu marefu, na yale matundu yana sili za mpira ambazo kwa gari la umri huu huwa zimeshakauka ngumu. Oili ya kwenye kava inapenya inajaa shimoni taratibu, plagi inaogelea. Ukivuta kichwa cha waya kikatoka kimelowa oili na mpira wake umevimba na kulainika, hapo plagi mpya ulizonunua zilikuwa zinaonewa bure. Dawa ni sili za matundu na gasketi ya kava, safisha mashimo, na waya uliolowa hivo usiurudishe. Waya pima kwa mita, mmoja haupaswi kuzidi ohm 25,000, na wakati unapima ukunjekunje uone kama namba inarukaruka.

Sasa kama yote hayo ni mazima, tafuta silinda gani haifanyi kazi. Mafundi wengi wanachomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikiwa inaunguruma, mimi sipendi hiyo, shoti yake ni kali na unaweza kuua koili au igniter. Chomoa soketi ya nozeli badala yake, moja moja, unarudisha unaenda nyingine. Silinda nzima ukiichomolea soketi injini inashuka na kutetemeka zaidi, ile ambayo ukichomoa hakuna kinachobadilika ndo hiyo haichomi. Tuseme ni namba 3. Chukua plagi ya 3 uipeleke 2, ya 2 ilete 3, ukarudie kipimo. Ugonjwa ukihamia 2, plagi ni mbovu hata kama umeinunua juzi, na plagi feki sokoni zimejaa. Ukibaki palepale badilishanisha waya hivyohivyo, alafu nozeli, na ukiwa bado hapohapo pima kompresheni. 5A nzima inasoma kwenye 13 kwa kipimo cha kilo, ikishuka chini ya 10 au silinda moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya 1 hapo ndani kuna tatizo. Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye hiyo silinda upime tena, ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi ya silinda hedi.

Kuhusu mashine kukosa pa kuchomeka, gari lako halihitaji mashine. Ndani ya boneti kuna kiboksi kidogo cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS kwenye mfuniko. Ufungue, nyuma ya mfuniko kuna mchoro wa majina ya matundu, tafuta TE1 na E1, uunganishe na kipande cha waya, alafu fungua switchi bila kuwasha. Taa ya cheki injini itaanza kupepesa. Ikipepesa harakaharaka bila kupumzika, hakuna kodi (namba ya kosa). Ikipepesa mara moja, ikatulia kidogo, ikapepesa mara nne, hiyo ni 14, na kwa barua yako mimi 14 ndo naitegemea. Ila usichomoe betri kabla ya kusoma, kodi zinafutika, na kama fundi alishaichomoa endesha mpaka taa iwake tena ndo usome.

Hiyo 14 maana yake kontrol boksi imetuma amri ya kuchoma na igniter haijajibu kwamba imechoma. Na hapa ndo pampu yako ya zamani ilipobadilishwa bila kosa lake, maana kontrol boksi isipopata jibu la igniter inakata na nozeli zisimwage mafuta, ili petroli mbichi isijae kwenye eksosi. Fundi anakuja anakuta nozeli hazimwagi, anasema mafuta hayafiki, pampu hiyo. Kumbe igniter imepata joto imekata, baada ya nusu saa imepoa na inafanya kazi tena, pampu mpya inapewa sifa kwa siku mbili tatu mpaka jua lirudi.

Siku ikizima tena usikae tu kusubiri ipoe, hizo dakika ndo za kupimia. Beba plagi moja ya ziada, ichomeke kwenye waya mmoja uliouchomoa, chuma chake kigusane vizuri na chuma cha injini, shikilia kwa koleo yenye mpira na hakikisha hakuna harufu ya petroli hapo, mwenzako apige stata. Hakuna cheche, ni koili, igniter au pikapu (kihisi cha mzunguko) ya ndani ya distributa. Cheche ipo tena ya bluu nzito, basi rudi kwenye mafuta: kwenye kiboksi kilekile unganisha +B na FP, fungua switchi, pampu inatakiwa iungurume. Ukisikia inaunguruma kwa njia hiyo lakini ukipiga stata kawaida haiungurumi, angalia relei yake (swichi inayoipa umeme) na waya zake, sio pampu.

Kwenye AE100 nyingi koili iko ndani ya distributa, kwa hiyo ukienda kutafuta mtumba beba ya kwako ulinganishe namba na soketi, usinunue kwa kuangalia umbo. Na mpaka utengeneze usiipandishe mlima kama Kitonga ikiwa inamisi, ile petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye masega ya eksosi (yale ya kusafisha moshi) na kuyayeyusha.

SWALI: Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mama nina Honda CR-V ya 1999. Nikiiacha juani pale sokoni nikirudi inakataa kuwaka, stata inazunguka tu. Nikifungua milango ikae kidogo inawaka. Mekanika amesema pampu.

JIBU: Dada, kabla ya pampu mwambie aangalie relei kuu ya pampu iliyo chini ya dashibodi. Hizi Honda za miaka hiyo zinajulikana kwa hilo: ndani ya relei kuna sehemu zilizounganishwa kwa risasi, zinapata nyufa ndogo sana, na kabini ikichemka juani ufa unaachia, pampu inakosa umeme. Ukifungua milango hewa inaingia, inapoa, inashika tena. Jipime mwenyewe: siku ikikataa funga redio na feni, geuza ufunguo mpaka ON bila kupiga stata, usikilize upande wa tangi. Pampu inatakiwa kuvuma kama sekunde 2 alafu inyamaze. Kukiwa kimya na relei haitoi ule mlio wa "tik", fundi wa redio anaweza kuifungua na kuchomelea risasi upya. Ikiwa inavuma kawaida na bado haiwaki, igniter ya ndani ya distributa ndo inayofuata kupimwa.

SWALI: Nimeosha injini jana, leo inamisi. Nimeharibu?

JIBU: Maji yameingia kwenye mashimo ya plagi au ndani ya kapu ya distributa. Chomoa vichwa vya waya, puliza mashimo kwa kompresa kabla ya kufungua plagi ili maji na mchanga visidondokee ndani ya silinda, pangusa kapu kwa kitambaa kikavu na iache juani. Siku nyingine funika distributa na alternata kwa mfuko wa plastiki, na usimwagie maji injini ikiwa ya moto. Kama imekauka vizuri na bado inamisi, fanya kile kipimo cha soketi za nozeli nilichomwelekeza wa Morogoro, kuna waya ulikuwa umeshachoka na maji yameuonyesha.